Maski inakaa vizuri kwenye fremu funguo, katikati inajisokota. Nakosea wapi?

#1 Mchora_Fremu
Wakuu salaam. Nina klipu ya sekunde 9, mradi uko fremu 25 kwa sekunde, yaani fremu 225. Mchezaji dansi anainua mkono, anageuka, anaushusha. Nataka kumtoa kwenye ukuta ulio nyuma yake nimweke kwenye mandhari nyingine. Nimemzungushia maski moja, yaani mstari wa kumkata kutoka kwenye picha, mwili mzima, nukta 34, na fremu funguo (ninazopanga mwenyewe kwa mkono, za katikati programu inajaza) kila baada ya fremu 10.

Kwenye fremu funguo maski inamkaa kama ngozi. Katikati ndipo balaa linapoanza. Begani na kwenye kiwiko mstari unajisokota kama kamba, halafu ukifika funguo inayofuata unajinyoosha kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuanzia kama fremu ya 140 maski inamtangulia mtu, yeye yuko hapa, mstari umeshafika kule. Na nikirenda (nikitoa video ya mwisho) napata uzi mweusi kuzunguka mwili mzima.

Programu siitaji, maana najua uzi utageuka uwanja wa vita. Nimehangaika siku mbili. Nisaidieni.

#2 Mpita_Njia
Nimefungua nikidhani mnaongelea barakoa. Nimesoma mpaka "nukta 34" nikajua nimepotea njia.

#3 Dada_Vekta
Karibu Mpita_Njia, kaa hapo pembeni ujifunze.

Mtoa mada, angalia kwanza nukta ya kwanza. Kila maski ina nukta ya kuanzia, na programu inapojaza katikati ya funguo mbili inaoanisha nukta kwa namba: ya 1 na ya 1, ya 2 na ya 2, hadi mwisho. Kama kwenye fremu ya 40 nukta ya kwanza iko begani na kwenye fremu ya 50 iko kiwikoni, basi ya begani itasafiri hadi kiwikoni na nyingine zote zitaifuata. Funguo zote mbili zinaonekana sahihi kabisa, ila safari ya katikati ni vurugu. Hicho ndicho unachokieleza.

Kwenye programu ya After Effects nukta ya kwanza huchorwa kubwa kidogo kuliko wenzake, na kuna amri ya kuiteua upya. Kwingine utaona namba zikiwashwa.

#4 Bingwa_wa_Nodi
Naongeza kwa Dada. Hesabu na idadi ya nukta. Ukiongeza nukta kwenye funguo moja tu, halafu nyingine ikabaki na 34, programu inalazimika kubahatisha ile ya 35 imetoka wapi. After Effects ina mpangilio wa kulinda idadi ya nukta: ukiwashwa, ukiongeza nukta sehemu moja inaongezeka kwenye funguo zote. Ukiwa umezimwa, umejichimbia shimo mwenyewe.

#5 Mchora_Fremu
Asante Dada, asante Bingwa. Nimeangalia. Nukta ya kwanza iko kiwikoni kwenye funguo zote 23. Idadi ni 34 kila mahali. Tatizo liko palepale.

#6 Mzee_Taimlaini
Vijana mnakimbilia namba za nukta, jiometri hamuitazami. Mkono unazunguka. Nukta ya maski haizunguki, inakwenda mstari mnyoofu kutoka funguo moja hadi nyingine. Chukua kalamu.

Kutoka kiwiko hadi kidole tuseme ni pikseli 200, na mkono umezunguka nyuzi 90 kati ya funguo mbili. Kidole cha kweli kimepita kwenye tao, muda wote kiko pikseli 200 kutoka kiwikoni. Nukta yako imekata njia ya mkato, na katikati ya safari iko pikseli 141 tu. Mkono wa maski umefupika kwa pikseli 59, halafu ukarefuka tena. Huko si kuharibika, hesabu ndiyo inavyotoka. Mzunguko ukiwa nyuzi 20 tu, unapoteza pikseli 3, na hapo ukingo laini unakuficha.

Mwili mzima kwa maski moja ndiyo dhambi ya asili hapa. Gawanya: kichwa, kiwiliwili, mkono wa juu, kigasha, kiganja. Kila kimoja ukizungushe kizima, usisogeze nukta zake moja moja.

#7 Pikseli_Moja
Mzee leo kaja na kosaini. 🙌

#8 Dada_Vekta
Mzee, jiometri yako siipingi, lakini njia ya mkato inafupisha, haisokoti. Mtoa mada kasema "inajisokota kama kamba". Kufupika na kusokoteka ni vitu viwili.

Mimi nahamia kwenye vishikio sasa, vile vijiti vinavyotoka kwenye nukta na kupinda mstari. Vishikio vya nukta navyo hukokotolewa kwa mstari mnyoofu. Kama kwenye funguo ya kwanza kishikio kinatazama kushoto na kwenye ya pili kinatazama kulia, katikati kitapita kwenye sifuri. Kwa sekunde hiyo nukta inakuwa kona kali, na kabla na baada yake pinda linajikunja. Jirani yake naye akifanya hivyo hivyo kinyume chake, mistari inapishana. Hapo ndipo unaona kamba.

#9 Roto_Usiku
Yalishanipata haya ya vishikio. Mtu aligeuza shingo, nukta ya chini ya sikio ilikuwa na vishikio virefu mno, na kila alipogeuka sikio lilimea pembe. Nilivifupisha hadi karibu theluthi ya umbali wa nukta jirani, pembe ikaisha. Tangu siku hiyo sivuti vishikio kama mtu anayevuta lastiki. Pinda likinishinda naongeza nukta.

#10 Bingwa_wa_Nodi
> Kila kimoja ukizungushe kizima

Hapa mtoa mada atakwama kama programu yake ni ya leya, yaani tabaka juu ya tabaka. Kwenye programu ya Nuke kila umbo ndani ya Roto (zana yake ya kuchora maski) lina mzunguko wake, na unaweza kuyakusanya maumbo chini ya leya moja ukaizungusha hiyo. Fusion nayo maski ya poligoni ina kitovu na pembe yake. Ila maski ya After Effects haina mzunguko wake yenyewe. Ina njia, ulaini, uangavu na upanuzi, basi. Ukitaka kuizungusha nzima unachora umbo kwenye leya nyingine, unalifanya liwe kiongozi wa alfa (linaloamua sehemu gani ya klipu ionekane), na leya hiyo unaifunga kwenye nali iliyotrakiwa, yaani iliyofuatishwa mwendo wa mkono.

#11 Mpita_Njia
Nali ndiyo nini? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

#12 Pikseli_Moja
Leya isiyoonekana, kazi yake kubeba wengine. Kama wewe kwenye uzi huu, ila yenyewe ina faida.

#13 Mpita_Njia
😂 Nimekubali. Naendelea kukaa.

#14 Alfa_Bila_Beta
Mmeng'ang'ania mkono, uzi mweusi hamjaugusa. Mtoa mada ana magonjwa matatu, si moja, na kila mmoja wenu anatibu moja akidai atapona yote.

Uzi mweusi ni alfa (kipimo cha pikseli inaonekana kiasi gani, 0 hadi 1) iliyozidishwa kwenye rangi mara mbili. Picha iliyozidishwa tayari huwekwa juu ya nyingine hivi: rangi ya mbele, jumlisha rangi ya nyuma mara moja-toa-alfa. Hiyo ndiyo "juu ya" waliyoiandika wataalamu wa picha za kompyuta Porter na Duff mwaka 1984, na haijabadilika. Ukingoni alfa ni 0.5, kwa hiyo rangi ya mbele inaingia ikiwa imeshapunguzwa nusu. Programu ikidhani haijazidishwa, inazidisha tena: nusu ya nusu, robo. Nyuma imeacha nafasi ya nusu, wewe umeleta robo, pengo lililobaki ni giza. Ndio uzi wako mweusi.

#15 Pikseli_Moja
Alfa, wewe kila ukingo mweusi kwako ni kuzidisha. Inaweza kuwa rangi ya ukuta tu. Ukingo wa mtu kwenye kamera haukatiki kwa wembe, pikseli moja au mbili ni mchanganyiko wa mtu na ukuta. Ukichora maski nje ya mchanganyiko huo, unabeba ukuta kwenda nao kwenye mandhari mpya. Dawa ni kuingiza maski ndani pikseli moja na nusu, au kutandaza rangi ya ndani kuelekea nje.

Mtoa mada, ukuta ni rangi gani?

#16 Mchora_Fremu
Kahawia iliyokolea.

#17 Pikseli_Moja
Haya.

#18 Alfa_Bila_Beta
Haya nini? Haijathibitisha chochote. Kuzidisha mara mbili kunaleta giza, na ukuta wa kahawia unaleta giza. Fanya jaribio hili: ondoa klipu, weka rangi nyeupe tupu mahali pake, ipite kwenye maski ileile na njia ileile hadi mwisho, nyuma weka nyeupe pia. Nyeupe juu ya nyeupe lazima itoke nyeupe, maski usiione kabisa. Ukiona mstari wa kijivu, ni kuzidisha, maana hapo hakuna ukuta wa kusingizia.

#19 Mzee_Taimlaini
Jaribio zuri hilo. Nitaliiba.

#20 Kimya_Kimya
Naandika mara chache humu ila hii imenigusa. Mtoa mada, klipu yenyewe ilirekodiwa fremu ngapi kwa sekunde?

#21 Mchora_Fremu
Ni ya simu. Taarifa za faili zinasema 30. Mradi ni 25 kwa sababu mteja anataka 25. Programu imebadilisha yenyewe nilipoiingiza.

#22 Kimya_Kimya
Ndipo hapo. Kutoka 30 kwenda 25, katika kila fremu 6 moja inatupwa. Sasa fuatilia kinachotokea kama programu inachukua fremu iliyotangulia karibu. Fremu ya mradi 0 inachukua ya klipu 0. Ya 1 ingetaka 1.2, inapewa 1. Ya 2 ingetaka 2.4, inapewa 2. Ya 3 inataka 3.6, inapewa 3. Ya 4 inataka 4.8, inapewa 4. Ya 5 inataka 6, inapewa 6 kamili.

Yaani picha inazidi kuchelewa kidogo kidogo, hadi 0.8 ya fremu, halafu inaruka na kulingana tena. Na inalingana kila baada ya fremu 5.

Umesema funguo zako ziko kila baada ya fremu 10. Kumi ni mara mbili ya tano. Umeweka funguo zote palepale ambapo picha haijachelewa! Kwa hiyo ukisimama kwenye funguo unaona ngozi, ukitoka unaona maski imemtangulia. Maski inatembea sawasawa, picha ndiyo inayochechemea.

#23 Roto_Usiku
Nimesimama nikapiga makofi peke yangu chumbani.

#24 Bingwa_wa_Nodi
Kimya_Kimya nakuvulia kofia. Ila mbona kasema inaanza fremu ya 140? Kuchechemea huko kungekuwepo tangu ya kwanza.

#25 Kimya_Kimya
Labda kabla ya 140 hasogei sana. Mtu akisogea pikseli 2 kwa fremu, 0.8 ya fremu ni pikseli moja na nusu, ulaini unaifunika. Akisogea pikseli 30, ni 24. Hiyo huwezi kuificha.

#26 Dada_Vekta
Au si 30 kweli. Simu nyingi hurekodi kwa kasi isiyo thabiti. Mwanga ukipungua, simu inaongeza muda wa kunasa kila fremu na kasi inashuka, kwenye taarifa za faili panabaki pameandikwa 30. Programu za kuunganisha picha zimezoea kasi thabiti. Ukiipa klipu ya namna hiyo, fremu unayoiona ukichora na fremu inayotoka ukirenda inaweza isiwe ileile. Ifungue kwa ffprobe, programu ya kusoma taarifa za video, ulinganishe kasi mbili inazokuandikia, ya kawaida na ya wastani. Zikitofautiana, umempata mwizi. Geuza iwe kasi thabiti kwa FFmpeg kwanza, amri kwenye matoleo mapya ni `-fps_mode cfr`, halafu toa mfululizo wa picha au kodeki (namna ya kubana video) ya kuhariria ambayo kila fremu inajitegemea. Kuchora roto (maski fremu kwa fremu) juu ya video iliyobanwa kwa H.264 iliyotoka moja kwa moja kwenye simu ni kujenga juu ya mchanga.

#27 Mzee_Taimlaini
Kabla hatujafika mbali, mtoa mada: kuna chochote ulichofanya kwenye fremu ya 140? Chochote. Hata ukidhani hakihusiani.

#28 Mchora_Fremu
Hmm. Kuanzia 140 niliipunguza mwendo hadi nusu, wakati anashusha mkono. Sikusema kwa sababu niliona haihusiani.

#29 Pikseli_Moja
🤦🏾

#30 Roto_Usiku
Posti 28! Tumechora nyuzi 90, tumepiga kosaini, tumemtafuta mwizi kwenye simu, kumbe!

#31 Mpita_Njia
Hata mimi nisiyejua nali ningelisema hilo mapema.

#32 Mzee_Taimlaini
Mwacheni, kila mtu amewahi kuficha ugonjwa mbele ya daktari akidhani ni aibu ndogo.

Sasa sikiliza. Kwenye programu nyingi za leya kuna njia mbili za kubadili mwendo. Ya kwanza inanyoosha leya nzima na funguo zake. Ya pili, ya kupanga muda upya, inabadili chanzo tu, yaani picha inachelewa lakini funguo za maski zinabaki palepale kwenye taimlaini. Ukiwa umechora maski kwanza, kisha ukapanga muda upya, maski inaendelea na mwendo wa zamani. Ndiyo maana inamtangulia. Dawa: weka klipu na kupanga muda ndani ya kompo yake (mradi mdogo ndani ya mradi), kisha maski ichorwe nje juu ya kompo hiyo. Au kinyume, maski ndani, muda nje.

#33 Kimya_Kimya
Mzee, ingekuwa hivyo, baada ya 140 hata kwenye funguo zenyewe isingekaa. Yeye kasema kwenye funguo inakaa kama ngozi.

#34 Mchora_Fremu
Hapo naomba msamaha tena. Baada ya 140 haikukaa kwenye funguo, nikazirekebisha mbili tatu kwa mkono. Ndiyo zinazokaa.

#35 Kimya_Kimya
Mtoa mada, utatuua.

#36 Mzee_Taimlaini
Nadhani nimeshinda.

#37 Kimya_Kimya
Hujashinda, umepata goli la kuotea. Baada ya kurekebisha kwa mkono, katikati ya hizo mbili tatu bado inamtangulia? Kama ndiyo, basi ni hesabu yangu, sasa kwa mwendo wa nusu: kila fremu ya mradi inataka 0.6 ya fremu ya klipu, kwa hiyo inapewa 0, 0, 1, 1, 2, halafu 3. Picha inasimama, inaruka, inasimama. Maski haisimami. Hata ukitenganisha kompo kama ulivyosema, kuruka kutabaki mpaka aweke funguo kila fremu au aunde fremu za katikati kwa mtiririko wa pikseli (programu ikikisia kila pikseli imeelekea wapi) kabla ya kuchora.

#38 Dada_Vekta
Na kama kasi ya simu si thabiti, hizo 0.6 zako zote ni za kinadharia.

#39 Mchora_Fremu
Nimerudi na ripoti. Nimekesha.

Jaribio la Alfa: nyeupe juu ya nyeupe, nimeona mstari wa kijivu hafifu. Nilikuwa nimeweka alama kwamba leya haijazidishwa, wakati kompo ya ndani ilishazidisha. Nimerekebisha, mstari umekwisha kwenye jaribio. Lakini nikirudisha klipu bado kuna wekundu-kahawia mwembamba sana, basi nimeingiza maski ndani pikseli 1 kama alivyosema Pikseli_Moja.

Mkono nimeugawa vipande vitatu, kila kimoja kinazunguka kizima. Kujisokota kumekwisha karibu kote, isipokuwa fremu ya 96 hadi 99 begani. Vishikio nimevifupisha.

Klipu nimeigeuza kuwa fremu 25 thabiti, nikatoa mfululizo wa picha, kisha nikaweka mwendo wa nusu ndani ya kompo yake na kuchora juu. Kutangulia kumepungua sana.

Ila sasa pana mstari mpya! Kiwikoni, pale vipande viwili vinapokutana, panaonekana mandhari ya nyuma.

#40 Alfa_Bila_Beta
Kuhusu kuzidisha mara mbili, nitapokea pongezi kwa unyenyekevu.

#41 Pikseli_Moja
Na wekundu-kahawia? Soma tena ripoti kaka.

#42 Bingwa_wa_Nodi
Mstari wa kiwikoni ni rahisi. Umevikata vipande vikaishia palepale, kila kimoja na ukingo laini. Kwenye mshono kila kimoja kina alfa 0.5. Ukiviweka kimoja juu ya kingine haviwi 1. Nusu inabaki wazi, nusu ya nusu hiyo inabaki wazi, kwa hiyo unapata 0.75. Robo ya mandhari inapenya. Vipishanishe: mkono wa juu uingie ndani kabisa ya kigasha, ukingo laini wa mmoja uzame mahali ambapo mwingine umeshakuwa 1. Mafundi cherehani hawashoni kitambaa kwenye ukingo wake, wanaacha akiba.

#43 Dada_Vekta
Umebadili kasi ya fremu na ukatenganisha kompo kwa wakati mmoja?

#44 Mchora_Fremu
Ndiyo, dada. Nilikuwa na haraka.

#45 Dada_Vekta
Basi hatutajua kilichoponya ni kipi. Mzee atadai ni kompo, Kimya_Kimya atadai ni kuchechemea, mimi nitadai ni simu.

#46 Mzee_Taimlaini
Ni kompo.

#47 Kimya_Kimya
Kaandika "kumepungua sana". Hajaandika "kumekwisha". Kilichobaki ni kuchechemea.

#48 Bofya_Tu
Samahanini nimechelewa. Hivi nyote hamjui kuna zana unamchora mtu mara moja na inamfuata yenyewe? Mnateseka na nukta mwaka huu?

#49 Roto_Usiku
Tunazijua. Roto Brush ya After Effects ipo tangu 2010, si habari mpya. Zimeboreka sana, nazitumia kwa rasimu. Tatizo ni ukingo unaochemka: zana inauamua upya kila fremu, nywele leo zimo kesho hazimo. Ukiisimamisha picha, safi. Ukiichezesha, mtu anatokota. Nukta zako zikikosea, zinakosea kwa upole.

#50 Bofya_Tu
Sawa wazee wa nukta. Maana rotoskopi yenyewe ilianza na kompyuta za miaka ya 90, mmezoea ya kale.

#51 Mzee_Taimlaini
Kijana, umekosea kwa zaidi ya miaka 70. Max Fleischer aliomba hataza ya rotoskopi mwaka 1915 na akapewa 1917. Filamu ilimulikwa fremu moja moja kwenye kioo, yeye akichora juu yake. Ndugu yake Dave ndiye aliyevaa nguo za mchekeshaji akarekodiwa. Kila fremu ilikuwa funguo. Hakuna aliyejisokota katikati kwa sababu katikati haikuwepo.

#52 Mpita_Njia
Hii ya Dave nimeipenda. Nali ya kwanza duniani.

#53 Pikseli_Moja
Mpita_Njia umehitimu.

#54 Alfa_Bila_Beta
Turudi. Fremu 96 hadi 99 begani bado hazina mwenyewe. Mtoa mada, umewasha ukungu wa mwendo kwenye maski? Shata (muda kamera inaoacha mwanga uingie) ya nyuzi 180 kwa fremu 25 ni sehemu 1 ya 50 ya sekunde. Maski ikihesabu ukungu kuanzia kwenye fremu kwenda mbele, na wewe umechora ukifuata katikati ya ukungu wa picha, ukingo utakuwa mbele kidogo kila mwendo unapokuwa mkali. Angalia awamu ya shata, yaani ukungu unaanzia wapi ukilinganisha na fremu. Kwa nyuzi 180, awamu ya hasi 90 inauweka ukungu katikati.

#55 Roto_Usiku
Au ni nguo. Kama ana mkono mpana wa gauni, kitambaa kinabaki nyuma ya mkono kisha kinaufikia. Hakuna mzunguko wa mfupa utakaokifuata. Hapo weka kipande cha nne cha nguo peke yake, funguo kila fremu, fremu nne tu si kifo. Mimi siweki funguo kila fremu 10 kama saa ya ukutani. Naziweka pale mwendo unapogeuka: mkono ulipofika juu kabisa, ulipoanza kushuka, mguu ulipogusa chini. Kisha katikati yake. Kisha robo kama bado.

#56 Dada_Vekta
Au kuna nukta mbili zilizolaliana begani na hajaziona. Kuza hadi asilimia 800 uangalie.

#57 Mchora_Fremu
Ukungu umewashwa, awamu ilikuwa sifuri. Nimeweka hasi 90, bega limetulia 96 na 97. Gauni ni kweli lina mkono mpana. Nukta mbili zimelaliana kweli, Dada, nimeifuta moja na sasa zote ni pungufu moja, kumetulia 98.

Imebaki 99 peke yake.

#58 Kimya_Kimya
99 ni moja kabla ya 100. Fremu ya nne katika tano, inapochelewa 0.8. Nasema tu.

#59 Mzee_Taimlaini
Kashaigeuza kuwa 25 thabiti, kuchechemea kwako kumetoka wapi?

#60 Kimya_Kimya
Kuigeuza hakurudishi fremu iliyotupwa, Mzee. Imetupwa ikiwa ndani ya faili sasa, badala ya kutupwa na programu.

#61 Mchora_Fremu
Nimechora 99 kwa mkono na kuituma kazi. Mteja kaipokea, hajaona kitu. Asanteni wote, nitarudi mkinihitaji.

#62 Kigasha_Changu
Habari za humu. Na mimi nina maski ya gari linalopita, kwenye fremu funguo inakaa vizuri ila katikati...

#63 Pikseli_Moja
Kabla hujaendelea: umepunguza mwendo mahali popote?

#64 Kigasha_Changu
Kidogo tu mwishoni, ila haihusiani.